Maswali na Majibu: Ndege Zinazonyonyeshana Angani

Kikosi cha 55 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilikuwa cha mabomu. Kiliishiaje kugawia ndege nyingine mafuta angani? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu ya nyufa. Valiant, ndege zilizokuwa na kazi hiyo, zilikutwa na nyufa kwenye mihimili ya mabawa, na Januari 1965 zote zikasimamishwa. Ndipo ndege za mabomu aina ya Victor zikageuzwa harakaharaka kuwa matangi, na Kikosi cha 55, kilichoundwa 1916, kikahamia kambi ya Marham.

Mafuta yanapitaje bila kumwagika? (Msomaji, Nakuru)

Nani kasema hayamwagiki? Ndege mama huachia mpira mrefu wenye kitu kama kikapu mwishoni. Ndege yenye kiu ina mrija uliochomoza mbele, rubani anaupenyeza kikapuni, vali zinafunguka. Ni kama kutunga uzi kwenye sindano, wewe uko basi moja, sindano iko jingine, na barabara ni makorongo matupu.

Ni kweli ndege 11 zilitumika kuifikisha moja kwenye vita vya Uingereza na Argentina? (Msomaji, Mombasa)

Kweli kabisa. Usiku wa 30 Aprili 1982, Victor 11 za vikosi vya 55 na 57 ziliruka kutoka kisiwa cha Ascension, Bahari ya Atlantiki, ili ndege moja ya mabomu aina ya Vulcan ikapige uwanja wa ndege wa Stanley, visiwa vya Falkland, karibu kilomita 6,300. Victor zenyewe nazo zilikuwa na kiu, kwa hiyo zilijazana njiani, iliyopungukiwa ikageuza kurudi.

Karibu na mwisho, ndani ya dhoruba, rubani wa Victor, Bob Tuxford, alikuwa akimjaza mwenzake, mrija wa mwenzake ukavunjika. Ikabidi mwenzake amrudishie mafuta, Tuxford ndiye aendelee. Akaipa Vulcan mpaka yake yakawa hayamfikishi Ascension, na kuomba msaada hawezi: redio kimya mpaka mabomu yaanguke. Akageuza kaskazini, akangoja neno la siri la kwamba mabomu yameanguka. Liliposikika ndipo akaita, Victor nyingine ikamfuata huko juu ya bahari, ikamjaza.

Mabomu 21, moja tu likatoboa njia ya kurukia. Watu hukumbuka Vulcan. Mimi namkumbuka Tuxford.

Victor za kikosi hicho ziliishia wapi? (Msomaji, Muscat)

Huko kwenu Ghuba ndiko kilikofanya kazi yake kubwa ya mwisho na Victor, kikiruka kutoka Muharraq, Bahrain, katika Vita vya Ghuba vya 1991. Victor zikastaafu Oktoba 1993. Moja iliyokuwa vitani huko, XL231, iko jumba la makumbusho la Elvington, karibu na York, mrija wake ungali umechomoza.