Ukiufuta mkondo, umefuta nini?

SWALI: Kazini tunatumia NATS, programu ya kupitishia jumbe kati ya programu nyingine, nami nimepewa kuandika mwongozo wa Kiswahili wa kusimamia mikondo ya jumbe kwa mstari wa amri. Nimetumia "futa" kila mahali: futa ujumbe, futa jumbe zote, futa mkondo. Juzi mwenzangu alitaka kuondoa jumbe za majaribio tu. Akafungua mwongozo, akaona kichwa "Kufuta mkondo", akaandika amri aliyoikuta chini yake. Mkondo mzima ukatoweka. Sasa wenzangu wanasema Kiswahili hakitoshi kwa kazi hizi. Nitofautishe vipi? Na kile Kiingereza kinachokiita stream, tuseme mkondo, mtiririko au strimu? La mwisho: mmoja wetu alijaribu kuupa mkondo jina lenye ng', na amri yake haikutekelezwa wala haikukataliwa. Hilo nalo ni kosa la Kiswahili?

JIBU: Kiswahili kinatosha. Wewe ndiye uliyekibebesha kitenzi kimoja mizigo mitatu, kikaanguka nayo.

Tuanze na mizigo yenyewe. Amri ya "nats stream rmm" huondoa ujumbe mmoja, ule unaoutaja kwa namba yake. "nats stream purge" huondoa jumbe zilizomo, lakini mkondo unabaki na mipangilio yake yote. "nats stream rm" huondoa mkondo wenyewe, jumbe zake, na kila kilichoshikamana nao. Ni matendo matatu yenye matokeo matatu, na matokeo ya lile la tatu hayarudishiki kama hukuwa na nakala ya akiba. Mwongozo wako umeyaita yote kufuta.

Sasa tukitazame kitenzi chenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Asili ya kufuta ni kazi ya mkono na kitambaa: twafuta vumbi, twafuta machozi, twafuta maandishi ubaoni. Kinachofutwa ni kitu kilichokaa juu ya kingine. Lakini lugha ina njia zake za mkato, kwa hiyo twasema pia "futa ubao", na hakuna mwanafunzi aliyewahi kudhani ameambiwa auondoe ubao ukutani. Kinachotajwa ni ubao. Kinachokusudiwa ni maandishi. Kwa upande mwingine twasema "futa kesi", "futa leseni", "futa akaunti", na hapo kinachotajwa ndicho kinachokwenda. Akaunti iliyofutwa haibaki ikiwa tupu ikingoja kujazwa upya.

Basi "futa mkondo" ni kama "futa ubao" au ni kama "futa akaunti"? Kwa mtu aliyezoea mikondo, mkondo ni kitu cha kuandikwa juu yake, kama ubao. Kwa mtu anayeuona kwenye orodha ya vitu vya seva, ni kitu cha kusajiliwa na kufutiwa usajili, kama akaunti. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi. Mwenzako hakukosea kusoma, na wewe, kwa haki yote, hukukosea sarufi. Umekosea kuchagua kitenzi chenye njia panda mahali ambapo msomaji hana muda wa kusimama na kutafakari.

Ushauri wangu ni huu: "futa" iachie ujumbe mmoja. Hapo inakaa vizuri, kwa sababu ujumbe ni maandishi, na maandishi hufutwa. Kwa mkondo wenyewe tumia "ondoa": ondoa mkondo, mkondo umeondolewa. Neno hili halina ushairi wowote, na ndiyo sifa yake. Kazi ya kati, ile ya kubakisha mkondo bila jumbe, iite "kausha".

Najua "kausha" itakushtua kidogo, hasa kwa kuwa mitaani ukimwambia mtu "kausha" umemwambia anyamaze, ajifanye hajaona kitu. Lakini fuata picha iliyomo ndani ya neno mkondo. Mkondo ni njia ya maji. Wahenga waliposema maji hufuata mkondo, walitenganisha vitu viwili: maji, na njia inayoyaongoza. Mvua ikikatika maji hukauka, mkondo ukabaki pale pale, ukingoja. Hivyo ndivyo ile amri ya pili inavyofanya. Jumbe zimekwenda, jina, mipaka ya ukubwa na kanuni za kuhifadhi zimebaki, ujumbe mpya ukiingia unapita palepale.

Tena mkondo uliokaushwa una kumbukumbu. Kila ujumbe unaoingia hupewa namba ya mfuatano. Ukiukausha mkondo ambao ujumbe wake wa mwisho ulikuwa namba 500, ujumbe utakaofuata utakuwa namba 501. Ukiuondoa, kisha ukaunda mwingine kwa jina lile lile, hesabu inaanza 1. Ukitaka kumweleza mgeni tofauti ya kukausha na kuondoa, mpe mfano huo wa namba kabla ya fasili yoyote. Atashika mara moja.

Redis, programu nyingine ya kuhifadhi data, iliyopata mikondo yake katika toleo la 5.0 mwaka 2018, inatupa ushahidi mwingine mzuri. Kwa kawaida orodha ya Redis ikiishiwa na kipengele cha mwisho, hutoweka yenyewe pamoja na jina lake. Mkondo hautoweki. Ukiwa na mkondo uitwao malipo, ukaandika "XTRIM malipo MAXLEN 0", umeukausha hadi tone la mwisho, nao bado upo, pamoja na vikundi vya wasomaji wake. Ukitaka uondoke kabisa unaandika "DEL malipo". Orodha isiyo na kitu si orodha, lakini mkondo mkavu ni mkondo. Waliobuni programu hizi hawakuwa na Kiswahili akilini, ila picha imekubali.

Wapo watakaopendekeza "safisha". Mimi nalikataa neno hilo. Kinachosafishwa kina uchafu, na baada ya kusafisha kilicho kizuri hubaki. Msomaji ataelewa kwamba amri inaondoa jumbe zilizoharibika na kuziacha zilizo nzima, kumbe inazoa zote. Na usikubali kamusi ya lugha mbili ikupeleke mbali zaidi: ukilifuatilia neno la amri yenyewe, "purge", kwa upande wa tiba utafikishwa kwenye haluli, dawa ya kuendesha tumbo. Mkondo hauna tumbo.

Kuna jambo la kuangalia, hata hivyo. Amri hiyo ya kukausha inaweza kuwekewa masharti: "--keep=10" hubakisha jumbe kumi za mwisho, "--seq" huondoa zile zilizotangulia namba fulani, na "--subject" hugusa jumbe za anwani moja tu. Hapo mkondo haujakauka, umepungua. Kwa hali hizo andika "punguza": punguza mkondo ubaki na jumbe 10. Ukisema "kausha ubaki na jumbe 10" umejipinga mwenyewe katika sentensi moja.

Mtu akikuuliza mbona tusiende mbali zaidi, tuseme "chimba mkondo" kwa kuunda na "fukia mkondo" kwa kuondoa, mshukuru kisha umkatalie. Sitiari nzuri ina mahali pa kuishia. "Unda" na "ondoa" zinaeleweka na kila mtu.

Kutoka hapo, swali lako la mkondo au mtiririko limeshajibika nusu. Mtiririko umetokana na kitenzi tiririka, na unataja tendo la kutiririka. Tendo likikoma, hakuna mtiririko. Unafaa kwa video inayorushwa moja kwa moja: matangazo yakiisha, umekwisha. Lakini kitu kinachohifadhiwa kwenye diski, chenye jina, kinachoweza kuwa kitupu, kunakiliwa au kurejeshwa kutoka kwenye akiba, hicho si tendo. Ni mkondo. Na kuhusu strimu, sina chuki na maneno ya mkopo. Seva na programu nazo ni mikopo na zinatufaa. Tatizo la strimu ni matamshi. Konsonanti tatu mwanzoni zitamshinda mtu, atasema "stimu", na hapo utakuwa unawaambia wenzako waongeze stimu kwenye seva. Wengine watafikiria umeme, wengine kilevi.

Hukuuliza kuhusu wale wanaosoma kutoka mkondoni, lakini nimeona katika kipande cha mwongozo ulichonitumia umewaita "walaji". Neno hili limezoeleka katika uchumi, na kinacholiwa huisha. Katika mkondo wa kawaida kusoma hakumalizi kitu: watu kumi wanaweza kusoma ujumbe ule ule, nao ukabaki hadi mipaka ya muda au ukubwa iufikie. Hii ndiyo tofauti ya mkondo na foleni, kwani katika foleni aliyehudumiwa hutoka. Kwa hiyo andika "msomaji". Isipokuwa kwamba JetStream, sehemu ya NATS inayotunza mikondo tangu toleo la 2.2 la mwaka 2021, inaruhusu mkondo uwekwe katika hali ya foleni ya kazi, ambapo ujumbe ukikiriwa kuwa umeshughulikiwa huondolewa. Hapo mlaji ni mlaji kweli, na ukitaka kulitumia neno hilo kwa hali hiyo tu sitakugombeza. Ongeza maelezo haya pia, kwa sababu yatawaokoa wengi: anayeitwa msomaji kwenye orodha ya amri si programu inayosoma. Ni kumbukumbu inayotunzwa na seva kuhusu mahali usomaji ulipofikia. Programu inaweza kuzimwa na msomaji akabaki. Ukikausha mkondo, wasomaji wanabaki. Ukiuondoa, wanakwenda nao.

Jambo jingine katika kipande hicho ni sentensi "Tumia mkondo ujumbe". Nilisimama hapo kitambo. Ulikusudia kauli ya kutendea ya "tuma", na kweli kauli hiyo ni "tumia". Katika mazungumzo hatutatiziki, kwa sababu kiambishi cha mtendewa kinatuongoza: "nimtumie ujumbe". Lakini katika amri fupi isiyo na kiambishi, jicho linaona "tumia mkondo" na akili inaelewa kuufanyia matumizi. Andika "weka ujumbe kwenye mkondo" au "chapisha kwenye mkondo". La pili lina faida yake: anayetuma humjua anayemtumia, lakini anayechapisha hajui nani atasoma. Amri ya "nats pub" ndivyo ilivyo.

Na wingi wa ujumbe? Wapo wanaoshikilia kwamba ujumbe hauna wingi, kama uzuri na ubaya. Ujumbe kama maana ya hadithi hauna wingi, kweli. Ujumbe unaohesabika kwa namba unao, na umeshatumika mno kuweza kurudishwa nyuma: ujumbe umeingia, jumbe zimeingia. Angalia tu usiandike "majumbe", maana hao ni watu, tena wenye cheo.

Jedwali la istilahi ni jema, lakini ajali hutokea kwenye swali la kuthibitisha, lile linaloulizwa kabla ya amri kutekelezwa. Kama timu yako imezizungushia amri hizi programu ndogo ya Kiswahili, usiandike "Una uhakika?" Kila mtu ana uhakika, mwenzako naye alikuwa nao. Andika kinachokwenda na kinachobaki: "Jumbe zote 4,812 za mkondo MALIPO zitaondolewa. Mkondo na wasomaji wake watabaki. Niendelee?" Na kwa ile nyingine: "Mkondo MALIPO utaondolewa, pamoja na jumbe 4,812 na wasomaji 3. Niendelee?" Mtu akisoma "pamoja na wasomaji" mkono wake utasita.

Tumalizie na ng'. Kiswahili hakina kosa, ila kimekutana na mwenye desturi nyingine. Kwetu alama ile ya juu ni sehemu ya herufi. Inatenganisha sauti ya ng'ombe na ya ngoma. Kwa programu inayopokea amri, alama hiyo hufungua nukuu. Mwenzako alipoandika MANG'AMUZI na kubonyeza kitufe, programu ilielewa kwamba nukuu imeanza pale, ikakaa kimya kungoja alama ya kuifunga. Mara nyingi huonyesha ">" mwanzoni mwa mstari mpya, nayo ni dalili kwamba inasubiri. Abonyeze Ctrl na C kwa pamoja, atoke. Jina likizungushiwa alama za nukuu mbili-mbili amri itapita, lakini kila atakayekuja baadaye atalazimika kukumbuka kufanya vivyo hivyo. Majina ya mikondo ya JetStream tayari hayaruhusu nafasi, nukta, "*" wala ">". Ongeza ng' kwenye orodha yenu ya ndani ya vitu vya kuepuka, na mkondo huo muuite UTAMBUZI.