Shingo Inauma, Lakini Chanzo Kiko Wapi?

Anayeumwa shingo na sehemu ya juu ya mgongo mara nyingi hushughulikia pale panapouma tu: huchuliwa kwa dawa ya kupaka, humeza vidonge vya kutuliza maumivu, kisha hurudi kwenye kazi ileile. Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu, na ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kununua dawa nyingine, uchunguze maumivu huanza saa ngapi, ukiwa unafanya nini, na hupungua ukifanya nini. Yakiwa makali unapoamka na kulegea kadiri unavyozunguka, anza kushuku mto; yakizidi jioni, itazame kazi.

Zipo dalili zisizofaa kuchunguzwa nyumbani. Ganzi au udhaifu wa mikono, miguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja, homa pamoja na shingo kukakamaa, maumivu yaliyofuata ajali, au kukonda bila sababu, yote hayo ni ya hospitali, na mengine hayangoji kesho. Picha ya eksrei nayo isikutie hofu upesi, kwani mifupa iliyochakaa huonekana hata kwa watu wasioumwa chochote.

Kwa upande wangu, Jumapili nilipozunguka Soko la Kibuye nikichagua vitambaa, shingo ilitulia, ingawa nilikuwa nimebeba mzigo. Maumivu yalirudi nilipokaa kwenye cherehani, na nilipofuatilia zaidi niligundua kwamba shati jeupe la shule halikunisumbua kama suruali nyeusi inayoshonwa kwa uzi mweusi. Hapo ndipo nilipoacha kuulaumu mgongo, nikaenda kupimwa macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupungukiwa na uwezo wa kujirekebisha ili kuona vitu vya karibu. Na kwa kuwa sikuwa na miwani, nilikuwa nikiinamia sindano ili niione, huku misuli ya nyuma ya shingo na ya mabegani ikizuia kichwa chenye uzito wa kilo 5 hivi kisianguke mbele.

Mtaalamu wa tibamaungo alinifundisha mazoezi ya kurudisha mabega nyuma na kuimarisha misuli iliyo kati yake, nami nayafanya, lakini sidhani yangenifaa sana bila miwani na taa iliyosogezwa karibu na sindano. Unapopimwa, mweleze mpimaji umbali uliopo kati ya macho yako na kazi yako, tena ikiwezekana uupime kwa futi ukiwa umekaa wima. Miwani yenye lenzi za sehemu mbili humfaa mtu anayetazama mbali na karibu kwa zamu, lakini kwa kazi iliyo usawa wa macho, kama kompyuta, humlazimu kuinua kidevu ili aone kwa sehemu ya chini, na shingo huanza kuuma upya.