Kabla ya kukokotoa, andika sentensi

Wanaoingia kozi ya hisabati ya biashara chuoni, hasa watu wazima waliokaa miaka mingi bila kugusa hesabu, huhofia kanuni. Mimi niliisoma nikiwa tayari kazini, na tangu hapo nimekaa na wenzangu kadhaa kuwaelekeza. Kanuni haziwaangushi sana. Kinachowaangusha ni maneno: swali lina aya nzima, nao hawajui x ni nani.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kikokotoo, andika sentensi kamili: "x ni idadi ya mikoba mikubwa itakayoshonwa kwa wiki." Usiandike "x ni mikoba". Taja idadi, kipimo na muda. Inaonekana kama kupoteza wakati, lakini nusu ya makosa ninayoyaona kwenye madaftari yasingetokea kama sentensi hiyo ingekuwepo. Mtu huchanganya saa na dakika, au mapato na faida, kisha anailaumu aljebra.

Aljebra yenyewe unayoihitaji si nyingi. Jua kufungua mabano, kuhamisha namba upande wa pili, kufanya kazi na sehemu, na kusoma mlinganyo wa mstari ulionyooka. Asilimia zielewe vizuri mapema, maana zinadanganya. Bei ya 100 ikipanda kwa asilimia 20 inakuwa 120. Hiyo 120 ikishuka kwa asilimia 20 inakuwa 96, hairudi ilikotoka.

Mstari ulionyooka ukiuelewa, tayari una chombo cha kufanyia uamuzi. Tuseme gharama zisizobadilika ni 12,000 kwa mwezi, kila bidhaa inakugharimu 30, na unaiuza kwa 50. Kila moja inabakiza 20, hivyo ukiuza 600 umerudisha gharama, hujapata faida wala hasara. Sasa mtu wa mauzo anakuja na pendekezo la kupunguza bei kwa asilimia 10. Bei inakuwa 45, kinachobaki ni 15, na sasa unahitaji kuuza 800 ili ufike palepale. Punguzo la asilimia 10 limedai theluthi moja zaidi ya mauzo. Usiishie kwenye jibu la 600 kama kitabu kinavyotaka. Badilisha namba moja, kisha tazama kinachosogea.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni upangaji wa mstari, yaani kugawa rasilimali chache ili upate faida kubwa iwezekanavyo. Haikuzaliwa darasani. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich aliichambua huko Umoja wa Kisovyeti alipoletewa tatizo la kupanga kazi za mashine za kiwanda cha mbao za plaiwudi, na mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akabuni mbinu ya simpleksi, yaani hatua za kutatua matatizo hayo, akiwa kwenye mipango ya jeshi la anga. Kantorovich alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Tjalling Koopmans.

Turudi kwenye mikoba. Mkoba mkubwa unachukua saa 2 za kukata na 2 za kushona, na unaleta faida ya 50. Mdogo unachukua saa 1 ya kukata na 3 za kushona, faida 40. Kwa wiki una saa 40 za kukata na 60 za kushona. Ukiita mikubwa x na midogo y, masharti ni mawili: 2x + y isizidi 40, na 2x + 3y isizidi 60. Na usisahau kwamba x na y haziwezi kuwa chini ya sifuri. Wanafunzi wengi huliona hilo kuwa la kitoto na hupoteza alama.

Akili ya haraka inasema shona mikubwa tu, kwa kuwa ndiyo yenye faida kubwa. Utashona 20 na kupata 1,000, huku saa 20 za kushona zikikaa bure. Chora grafu, kagua pembe za eneo linaloruhusiwa: mikubwa 15 na midogo 10 inatoa 1,150.

Madarasa mengi huishia hapo, na ndipo utamu unapoanza. Uliza: nikiongezewa saa moja ya kukata, nitapata nini? Weka 41 badala ya 40, kokotoa upya: faida inapanda kwa 17.5. Saa moja ya ziada ya kushona inaleta 7.5 tu. Basi fundi akitaka malipo ya 12 kwa saa ya ziada, wa kukata mkubalie, wa kushona mwambie asubiri (mradi faida hizo zilihesabiwa bila kuingiza mishahara ya saa za kawaida, ambayo unailipa hata hivyo). Ni kwa saa chache, lakini. Ukizidi kuongeza, kizuizi kinahamia kwingine na thamani hizo zinabadilika.

Matriki, yaani majedwali ya namba, sina mengi ya kusema. Jifunze kwa mkono mpaka ya mistari mitatu, zilizobaki ziachie kompyuta. Riba nayo shika hili: asilimia 2 kwa mwezi, riba ikizaa riba, si asilimia 24 kwa mwaka bali karibu 26.8.

Kwenye uwezekano, achana na desimali mwanzoni, hesabu vitu. Chukua miamala 10,000, na tuseme 200 kati yake ni ya udanganyifu. Mfumo wa ukaguzi unanasa asilimia 90 ya udanganyifu, lakini unapiga kengele kimakosa kwenye asilimia 5 ya miamala halali. Wadanganyifu wanaonaswa ni 180. Watu halali wanaosumbuliwa ni 490. Kengele ni 670, na katika kila nne, takribani moja tu ndiyo ya kweli. Ukiandika hivyo, kanuni ya Bayes, ile ya kurekebisha uwezekano baada ya kupata ushahidi, inajieleza yenyewe, na swali la meneja linakuwa wazi: je, tuna watu wa kukagua miamala 670, na tutamwambia nini mteja halali ambaye malipo yake yamezuiwa?