Baa ya mgeni Bagamoyo: piga hesabu ya Jumanne

Mgeni anayefungua baa Bagamoyo mara nyingi aliuona mji kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi. Magari ya Dar yamejaa, watoto wanakimbia ufukweni, ngoma inalia upande wa TaSUBa, chuo cha sanaa, na bia zinatoka kreti kwa kreti. Anachukua mauzo ya siku ile, anazidisha kwa 30, anatia saini mkataba wa pango. Kisha inafika Jumanne ya katikati ya mwezi. Wamo watu sita, na wanne kati yao ni wafanyakazi wake mwenyewe.

Haya tunamwandikia yeye, ila zaidi tunamwandikia Mtanzania anayemsimamia: meneja, mshirika, au shemeji aliyekabidhiwa funguo. Mgeni akikosea, yeye ana tiketi ya kurudi kwao. Wewe utabaki na madeni ya jumla na majirani.

Kwanza zijue saa. Bagamoyo iko kilomita sabini hivi kutoka Dar, na anayerudi huko Jumapili anawaza foleni ya Bunju na Tegeta. Saa 10 jioni anaomba bili, saa 11 hayupo. Kwa hiyo pesa ya Jumapili ni ya mchana, na ni ya chakula, maji na soda kuliko bia. Mtalii aliyelala hotelini anakula saa 1 usiku, anakunywa mbili, saa 4 yuko ndani ya neti kwa sababu kesho alfajiri ana safari ya hifadhi ya Saadani. Mwenyeji ndiyo kwanza anaoga saa 2. Kwako anaingia saa 3. Usiku wenyewe, ule unaouona kwenye picha za matangazo, ni Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa 3 hadi leseni inapokwambia funga. Ni saa chache mno za kubeba pango la mwezi mzima, ndiyo maana tutakaa sana kwenye hesabu ya chupa huko mbele.

Mtalii na mwenyeji wasiuziwe kwa bei mbili. Bei ya bia kila mtu anaijua, hata mtalii wa siku ya pili. Andika bei ubaoni kwa chaki, kwa shilingi, mahali panapoonekana kutoka kila meza. Bila ubao, mhudumu atamwongezea Mzungu elfu moja yake mfukoni, na malalamiko utayasoma wewe mtandaoni.

Mwezi nao una umbo lake. Mishahara ya serikali ikishaingia, mpaka tarehe 5 hivi, meza zinajaa. Kuanzia tarehe 10 watu wanaagiza moja na kuishikilia. Wiki ya tamasha la sanaa la TaSUBa, linalofanyika tangu 1982, vyumba vya mji mzima hujaa na tarehe hutangazwa kila mwaka, usikisie. Kosa la wiki hiyo huwa ni chupa tupu. Bia ya chupa inanunuliwa kwa kubadilishana na chupa tupu. Ukitaka kreti 40 na tupu zako zinatosha 15, utalipia chupa na kreti za ziada, na pesa hiyo italala mpaka uzirudishe. Anza kukusanya tupu wiki tatu kabla.

Ramadhani usibishane nayo. Huu ni mji wa Waislamu, na hata mnywaji wako wa kila siku atatoweka. Wengi hupunguza saa, huondoa meza za upande wa barabarani na kuzima muziki kabisa. Huo ndio mwezi wa kupaka rangi, kusafisha friji na kuwapa watu likizo zao. Ila siku ya Idi Pili uwe na watu kamili na barafu ya kutosha, maana mji wote hushuka baharini.

Sasa mahali. Mji Mkongwe unavutia, na nyumba ya mawe ya zamani ikiwa na baraza ni kishawishi kikubwa. Usibomoe ukuta wala kufungua dirisha jipya kabla ya kuwauliza watu wa Idara ya Mambo ya Kale. Na usimruhusu fundi kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inasukuma kutoka nyuma, na baada ya masika mawili plasta inadondoka vipande vipande na kung'oa chokaa ya zamani pamoja nayo.

Kule kuta za nyumba zinagusana, na misikiti haiko mbali. Muziki unazimwa kwa adhana ya Magharibi na ya Isha, yaani kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, wakati ambao kwa vyovyote watu wako wanakula. Usizime kwa kupunguza tu, zima. Kuhusu spika, acha zile mbili kubwa za kuelekezwa baharini. Upepo ukivuma kutoka baharini, sauti unayoipeleka majini inarudishwa mtaani. Weka spika ndogo sita hadi nane karibu na meza, kila moja kwa sauti ya chini. Sabufa ipandishe kwenye kipande cha mpira au godoro la sponji, kwa sababu besi inapita sakafuni na ukutani hata kama maneno ya wimbo hayasikiki. Saa 4 usiku toka, nenda mpaka mlango wa jirani wa karibu, simama. Ukiweza kufuata mashairi ya wimbo, punguza. Mpe jirani huyo na mwenyekiti wa eneo namba ya simu inayopokelewa usiku. Anayeweza kukupigia hana haja ya kwenda kwa NEMC, baraza la mazingira, wala polisi.

Ukichagua ufukweni, kuna mambo mawili. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, basi kibanda cha zege mchangani ni kesi inayongoja siku yake. La pili ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hapa hujaa kwenye saa 10 na 11, jioni na alfajiri, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Anayepanga viti mchangani saa 9 mchana atavifuata kwa ngalawa. Siku hizo panga baada ya saa 12 jioni; maji yatakuwa yanatoka, na kufikia saa 4 usiku yako mbali kabisa na kuna tope. Siku za maji mafu mambo ni tofauti: yanajaa karibu saa 4 au 5 usiku, ila hayapandi sana. Nunua jedwali la maji, libandike kaunta karibu na kalenda.

Mbu wa jioni wanauma vifundoni. Feni za darini hazifiki huko. Funga feni mbili za ukutani chini, kimo cha goti, zipulize chini ya meza.

Karatasi tutazipitia haraka. Ardhi asiye raia hamiliki, isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, kwa hiyo wengi hukodi; andikisha mkataba wa miaka, siyo wa maneno. Leseni ya vileo inatoka halmashauri na ni ya miezi sita sita, Aprili hadi Septemba na Oktoba hadi Machi. Mgeni aliyezoea leseni ya mwaka anasahau ya Oktoba. Soma saa zilizoandikwa juu yake. Kuna mashine ya EFD ya risiti za kodi, ada ya hakimiliki kwa muziki unaopigwa, kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ukileta bendi, zimamoto, na wahudumu wapime afya kila miezi sita. Mgeni akisimama kaunta kumimina bia bila kibali cha kazi ni kosa, hata kama baa ni ya kwake. Na zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu asiziguse: amri ya Julai 2025 imewafungia wasio raia kumiliki au kuziendesha nje ya kasino.

Tuje kwenye chupa.

Hesabu ya kawaida kila mtu anaijua: zilizokuwepo, ongeza zilizoingia, toa zilizobaki, ndizo zilizouzwa, zidisha kwa bei. Ulianza na 60, ukapokea 48, zimebaki 41, basi zimeuzwa 67. Hesabu hiyo inakamata mwizi mjinga tu. Mwizi mwenye akili haibi bia yako. Ananunua kreti yake jumla, anaipooza kwenye friji yako, anaiuza kwa mteja wako, na faida anaondoka nayo. Daftari linakaa sawa kila usiku, wewe unalalamika kwamba biashara imepungua, na luku inapanda.

Dawa yake ni tatu, zifanyike pamoja. Moja, chupa inapotoka stoo kwenda kaunta iwekewe nukta ya rangi kwenye kizibo, na rangi ibadilike kila wiki bila kutangazwa. Mbili, hesabu zenye bia na tupu kwa pamoja. Kama mzunguko wako ni chupa 300, jumla ya zilizojaa na tupu lazima iwe 300. Ikiwa 297, chupa tatu zimevunjika au zimeondoka na wateja, uliza. Ikiwa 312, kumi na mbili si zako. Tatu, chini ya kifungulio weka ndoo yenye mfuniko na tundu, na vizibo vihesabiwe wakati wa kufunga, kabla mtu yeyote hajaondoka. Kizibo kisicho na nukta kinajieleza.

Pombe kali ina mambo yake. Chupa ya mililita 750 inatoa toti 25 za mililita 30. Tumia kipimo cha chuma, usikubali cha macho. Nunua mizani ya jikoni, pima chupa ikiwa imejaa na nyingine ya aina hiyohiyo ikiwa tupu, andika. Toti moja ina uzito wa gramu 28 au 29, basi kila usiku mizani inakwambia zimetoka toti ngapi. Mizani haitakwambia kama pombe imeongezwa maji. Kwa ile ya asilimia 40, mimina kidogo kwenye kikopo ukiweke kwenye dipu friza usiku kucha: pombe halisi haigandi huko, iliyoongezwa maji mengi inatoka na chembe za barafu. Chupa za kutoka nje zihakiki stempu kwa programu ya TRA ya Hakiki Stempu siku ya kupokea mzigo, mwenye gari akiwa bado yupo. Zikiisha, kwaruza lebo kwa msumari kabla ya kutupa. Chupa tupu ya wiski yenye lebo safi ina mnunuzi, na hanunui ya kuwekea mafuta ya taa.

Malipo ya simu yathibitishwe kwa ujumbe ulioingia kwenye simu ya kaunta. Skrini ya mteja si ushahidi.

Friji: bia ya moto ikiingia saa 11 jioni haitakuwa baridi saa 3, hata kama friji ni mpya. Jaza asubuhi, mara tu baada ya kuhesabu. Ikikubana, ndoo kubwa, barafu, maji na viganja viwili vya chumvi; dakika 20 zinatosha. Wengi husahau maji, na barafu tupu inagusa chupa kwa kingo tu. Hewa ya chumvi inakula mabomba ya nyuma, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 10 ukutani na safisha vumbi kila mwezi. Kila friji iwe na frijigadi yake, maana umeme wa jioni unaposhuka na kupanda ndio unaoua kompresa. Na mhudumu aulize kila mteja, moto au baridi. Wazee wengi watasema moto, na kila moja ya hizo ni nafasi imepatikana kwenye friji.

Jikoni, achana na kitimoto, yaani nguruwe. Hata uwe na jiko la pembeni na visu vyake, mpishi wako pengine hataigusa, na mwenyeji anayekunywa bia kimyakimya ataacha kula mishikaki yako kwa kutoliamini jiko lako. Pweza, ngisi na changu vinauzika kwa mtalii na kwa mwenyeji. Nunua mnadani asubuhi, kwa siku hiyo tu.

Kwenye lango la baa la upande wa mjini ning'iniza kanga tano sita za kuazima. Mtalii mwenye nguo ya kuogelea atajifunga bila kuhubiriwa. Baada ya saa 4 usiku asiruhusiwe kurudi hotelini kwa miguu kupitia ufukweni. Weka waendesha bajaji watatu unaowajua kwa sura na kwa nyumbani kwao, na haohao wawarudishe wahudumu mkifunga.

Jumanne yenyewe inaokolewa na mpira, kwa sehemu. Mechi za Ulaya za mapema zinaanza saa 1:45 au saa 2:45 usiku kufuatana na majira yao, na hizo zinakufaa. Za pili zinaanza saa 4 au saa 5 usiku na zitaisha leseni yako imeshalala, basi usizitangaze. King'amuzi kiwe na kifurushi cha biashara, siyo cha sebuleni. Wahudumu wawili, jiko moja, na friji ya pili izimwe Jumatatu asubuhi, ikaushwe, mlango uachwe wazi kidogo isinuke. Iwashe tena Alhamisi jioni.