Usimuulize mzee mwaka: kukusanya kumbukumbu za starehe za Dar ya zamani

Anayetaka kuandika jinsi wazee walivyostarehe na kutongozana katikati ya Dar es Salaam mara nyingi huanza na swali bovu: ilikuwa mwaka gani? Mzee atajibu "sabini na kitu", na hiyo sabini na kitu inaweza kuwa 1967 au 1982. Muulize walipanda basi gani, walipita barabara ipi, bendi gani ilipiga. Hayo hayamtoki.

Basi likiwa la DMT, kampuni ya zamani ya mabasi ya jijini, mko kabla ya 1974. Likiwa la UDA, shirika la usafiri lililochukua nafasi yake, mko baada ya hapo. Barabara zinataka uangalifu zaidi. Acacia Avenue ni jina la enzi za mkoloni, baadaye ikawa Independence Avenue, leo ni Samora, lakini wapo walioendelea kutumia jina la ujana wao. Akitaja Kilimanjaro Hotel, ni 1965 au baadaye. Akitaja Drive-in ya Msasani, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani, ni 1966 au baadaye. Hapo muulize gari lilikuwa la nani; mazungumzo hunoga.

Kwa bendi, kuna mtego. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi na ilibeba jina la chama hicho: ikawa Juwata mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Msondo Ngoma. Wazee wengi huiita Msondo tu kwa vipindi vyote, kwa hiyo uliza chama cha wafanyakazi kiliitwaje siku hizo. Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, ni rahisi zaidi: ilianza 1978. Anayedai aliicheza enzi za TANU, chama kilichokwisha 1977 ilipozaliwa CCM, anachanganya madesa, lakini usimkatize. Andika pembeni, urudi baadaye.

Nguo nazo husaidia. Vimini vilipigwa vita na Operesheni Vijana, kampeni ya vijana wa TANU iliyotangazwa 1968 ianze Januari 1969. Bibi akikumbuka hofu ya kuvaa kimini mjini, umeshapata pa kushika.

Kwenye mahojiano, zima feni, toa hewani simu unayorekodia isilie katikati ya rekodi, na uilaze juu ya kitambaa. Ikiwa juu ya meza tupu, kila kikombe kikiwekwa kitasikika kama nyundo. Saa moja inatosha. Mpe karatasi achore njia kutoka Mnazi Mmoja hadi mlango wa sinema, maana mkono unapochora, mdomo hutaja maduka na kona ambazo swali lisingezifikia. Halafu mhoji babu peke yake na bibi peke yake. Wakiwa pamoja utapata sinema na kwaya tu.

Ukipata jina la filamu na la ukumbi, tuseme Empire, Avalon, Empress au Odeon, nenda maktaba ukapekue matangazo ya sinema kwenye magazeti ya wakati huo. Usishangilie tangazo la kwanza utakaloliona: filamu iliyopendwa ilirudishwa tena na tena, hata baada ya miaka. Orodhesha tarehe zote, kisha uzipime na basi na bendi.

Majina ya wapenzi wa zamani yabadilishe kabla hujachapisha, hata mzee akikwambia hakuna neno. Yule mwingine hajaulizwa, na huenda wajukuu zake wanasoma.