Wembe wa kukunja unavuta ndevu: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimepata wembe wa kukunja wa zamani kwenye mitumba hapa Tanga, umeandikwa Solingen. Nikinyoa unavuta ndevu badala ya kukata, na shingo imejaa vipele. Je, nikandamize zaidi, au sijui kuushika?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usikandamize hata kidogo. Wembe unaovuta ni butu, na wembe butu ndio unaojeruhi, maana mkono unaanza kuulazimisha. Solingen ni mji wa Ujerumani uliojijengea jina kwa visu na nyembe, kwa hiyo chuma huenda ni kizuri. Kilichokwisha ni makali.

Jiwe la kunolea visu vya jikoni litauharibu. Wembe huu unataka jiwe la chembe laini (namba ikipanda, chembe ni laini zaidi): namba 1000 kurudisha makali, kisha 8000 au zaidi kumalizia. Unalazwa bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, na makali yakitangulia. Mara ya kwanza mpe anayejua akunolee. Ukirudi, jaribu kwenye vinyweleo vya mkono: vianguke bila kuvutwa.

Kazi yako ya kila siku ni kuupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uvute mkanda ukaze, laza wembe bapa, halafu safari hii mgongo ndio utangulie. Ukifika mwisho, simama. Geuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, usiunyanyue, ndipo urudi. Ukigeuzia kwenye makali utachana mkanda na kuua wembe kwa pigo moja. Nenda polepole; kwenda na kurudi mara 30 hadi 40 kabla ya kunyoa kunatosha. Kasi itakuja yenyewe.

Unyoe baada ya kuoga maji ya moto, ndevu zikiwa zimelainika, na povu la sabuni liwe zito. Wembe uinue kidogo tu kutoka kwenye ngozi, kama nyuzi 30, vuta ngozi kidogo kwa mkono mwingine, kisha shuka kwa miondoko mifupi. Usiutelezeshe kwenda pembeni kamwe, hapo ndipo unapochana. Wiki za mwanzo nyoa mashavu peke yake. Kidevu na mdomo wa juu malizia na mashine uliyoizoea.

Sasa vipele, ambavyo ndivyo vinavyonisumbua zaidi katika barua yako. Ndevu za kipilipili zikikatwa chini ya usawa wa ngozi hujikunja na kuchoma ndani. Ukinyoa kinyume na zinakoelekea, au ukivuta ngozi kwa nguvu, unazikata huko chini. Wewe nyoa mara moja tu, kwa kufuata ndevu, na ukubali ukwaruzo kidogo ukipapasa. Shingoni zinabadili mwelekeo, kwa hiyo papasa kwanza kwa vidole ujue zinalala upande gani. Vipele vilivyopo sasa viache vipone kabisa kabla ya kupitisha wembe juu yake, na vikitunga usaha nenda zahanati.

Ukijikata kidogo, lowesha shabu na uibonyeze hapo, damu itakata. Kisha suuza wembe, ukaushe mpaka kwenye bawaba, upake tone la mafuta ya cherehani. Hewa ya chumvi ya Tanga inauotesha kutu upesi. Na usimwazime mtu yeyote, hata ndugu yako wa damu, kwa sababu virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi hupita kwenye damu.

Ukikosa mtu wa kukunolea, nunua mpini wa kubadilisha nyembe kama tunaotumia saluni: unavunja wembe wa kawaida katikati na kuweka nusu. Hautaki jiwe wala mkanda. Ila ni mwepesi na unauma haraka kuliko wako, kwa hiyo mkono uwe mwepesi zaidi.