Kabla Hujabadilisha Wembe: Majibu kwa Wasomaji wa Maabara ya Histolojia

Barua nyingi za safari hii zinaulalamikia wembe. Wembe haukati, wembe unachana, wembe mpya umeisha makali kwenye bloku ya tatu ya tishu iliyogandishwa ndani ya nta. Nimekaa mbele ya mikrotomu, mashine ya kukatia tishu vipande vyembamba sana, miaka 27, na mpaka leo mkono wangu hukimbilia kasha la nyembe kabla akili haijauliza chochote, kwa hiyo siwalaumu. Ila naomba mnivumilie, maana karibu kila jibu langu litawarudisha nyuma: kwenye mashine ya kuchakata, inayotoa maji kwenye tishu na kuingiza nta, kwenye kaseti, kikasha kinachobeba kipande cha tishu, hadi kwenye ndoo ya fomalini, dawa inayozuia tishu isioze.

SWALI: Shikamoo mama. Nakata tishu ya titi. Pembeni utepe wa vipande ninavyokata unatoka safi, lakini katikati panadondoka na kuacha tundu. Nimebadilisha nyembe nne, nimelaza bloku kwenye barafu, wapi. Daktari anasubiri. (Msomaji wa zamu ya alfajiri)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Funga gurudumu, toa bloku, iinamishe kwenye mwanga wa taa. Ukiona nta imebonyea pale tishu ilipo, na ukipagusa kwa ncha ya kibano panadidimia kama nyama mbichi, huo si ugonjwa wa wembe. Nta haikuingia. Haikuingia kwa sababu zailini, kimiminika kinachoondoa alkoholi ili kuipisha nta, haikuitangulia, na zailini haikupita kwa sababu maji yalikuwa bado hayajatoka. Wakati mwingine inusie karibu: utasikia zailini bado imo.

Sasa uliza titi hilo lilifikaje. Fomalini haina haraka. Saa za mwanzo hupenya kama milimita moja kwa saa, kisha mwendo unazidi kupungua kadiri inavyoingia ndani. Titi zima likitumbukizwa jioni bila kupasuliwa, asubuhi utalikuta gumu juu na bichi katikati. Nimewahi kufungua chombo nikakuta tishu imejaa pomoni, fomalini imelowesha kuta tu. Ujazo wa fomalini uwe angalau mara 10 ya tishu. Mara 20 ni bora zaidi. Kwa titi, mwongozo unaofuatwa na wengi unataka liingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu litolewe mwilini, likae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Sababu yake ni nzito: vipimo vya vipokezi vya homoni, vinavyoamua mgonjwa apewe dawa gani, hufanyika kwenye tishu hiyohiyo. Ikioza katikati, kipimo kinaweza kusema hapana mahali palipostahili ndiyo.

Halafu tazama unene. Kipande cha kaseti kiwe milimita 3 hadi 4, na cha mafuta kipungue zaidi. Ukikuta matundu ya mfuniko yamejichapa kwenye tishu, ujue kaseti ilifungwa kwa nguvu na hapakuwa na nafasi ya kimiminika kupita.

Bloku uliyonayo usiendelee kuikata, unaimaliza bure. Mwambie daktari kwanza. Kama kwenye ndoo kumebaki tishu, afadhali achukue kipande kipya chembamba. Kama hakuna, yeyusha nta, irudishe tishu kwenye zailini, kisha alkoholi, kisha fomalini imalize kazi yake, na ichakatwe upya kwa ratiba ndefu. Iandikwe kwenye rekodi kwamba imechakatwa mara mbili, ili anayesoma rangi chini ya hadubini ajue anatazama nini.

SWALI: Kwangu ni kinyume. Biopsi ndogo za tumbo, vile vipande vinavyochukuliwa kwa uchunguzi, zinapasukapasuka kama ardhi ya kiangazi, na chini ya hadubini naona mistari ya giza na mwanga, giza na mwanga.

JIBU: Vipande vya milimita 2 vimelala usiku kucha kwenye ratiba moja na vipande vya titi vya huyo mwenzako. Alkoholi imevikausha hadi ikatoa na maji ambayo tishu inayahitaji ili isivunjike. Tenga biopsi zipitie ratiba yake fupi, hata kama mashine ni moja; zikipita mchana kwa saa mbili tatu zinatosha. Kwa zile zilizokwisha kukauka, kwangua uso kidogo sana, kisha laza uso huo kwenye barafu yenye majimaji kwa dakika chache. Unyevu unaingia, tishu inalainika, nawe unapata vipande vichache vizuri vya mwanzo. Zungusha gurudumu taratibu. Kagua pia kama kishikio cha wembe na cha bloku vimekazwa, maana mistari hiyo huletwa na mtetemo vilevile. Na tafadhali usikwangue kwa pupa. Biopsi ndogo ikiishia kwenye vumbi la nta, mgonjwa itabidi aingizwe tena mpira tumboni.

SWALI: Slaidi, vile vioo vyenye tishu, zinatoka kwenye zailini zikiwa na ukungu kama maziwa.

JIBU: Maji. Alkoholi za mwisho zimechoka. Zibadilishe pamoja na hiyo zailini, zirudishe slaidi kwenye alkoholi safi, kisha zailini safi, na ukungu utaondoka. Usibandike kioo cha juu kabla haujaondoka.

SWALI: Shikamoo dada. Tulikuwa wanne, tumebaki wawili. Bloku zinapita 100 kwa siku. Mkuu wetu anasema mashine mpya ya kupaka rangi itaziba pengo. Ametuletea kijana aliyetoka chuoni wiki iliyopita na anataka aanze kukata Jumatatu. Mimi mabega yananiuma mpaka usiku sipati usingizi.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mashine ya kupaka rangi ni msaada, lakini inaanza pale ninyi mlipokwisha kuchoka. Mashine ya kuchakata inafanya kazi usiku, ya rangi inafanya mwishoni, na katikati yake ni mikono: kupanga tishu kwenye nta na kukata. Hapo ndipo mlipopungukiwa. Mweleze mkuu hivyo, na umpelekee karatasi. Kwa wiki mbili andikeni kila siku bloku zilizoingia, zilizokatwa, zilizolala, na slaidi alizozirudisha daktari zikatwe upya. Andikeni na muda. Kwangu mimi bloku rahisi yenye kipande kimoja huchukua dakika 3 au 4 hadi utepe uelee majini na kunyanyuliwa kwa slaidi. Mfupa ambao chokaa haikutoka sawasawa unaweza kunila robo saa na wembe mzima. Anayesema "bloku ni bloku" hajakata mfupa. Tulipobaki wawili mahali nilipokuwa, safu iliyomnyamazisha mkuu ilikuwa ile ya slaidi za kurudia, kwa sababu kila slaidi ya kurudia ni kazi tuliyoifanya mara mbili kwa ajili ya haraka.

Wakati mnasubiri watu, kaeni na daktari mkubaliane nini kikatwe kwanza. Inayoshukiwa saratani itangulie, na kuna sampuli zinazoweza kungoja kesho bila mtu kudhurika, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Chumba cha upasuaji nacho kiombwe kuleta sampuli mara mbili kwa siku badala ya mzigo wote jioni.

Kijana huyo asikate bloku za wagonjwa Jumatatu. Namwonea huruma yeye kuliko ninyi, maana akiharibu biopsi ya mtu ataibeba moyoni miaka. Mpeni tishu ambazo ripoti zake zilishatoka na muda wake wa kuhifadhiwa umekwisha, atengeneze bloku za mazoezi. Siku za mwanzo ajifunze mkono tu: gurudumu lifungwe na wembe ufunikwe kabla kidole hakijaenda kwenye bloku, na wembe ushikwe kwa kibano. Nyembe hizi hazikwaruzi, zinafika ndani kabla hujasikia maumivu. Kisha muanzishe kwenye kupanga tishu ndani ya nta kabla ya kukata, ingawa wengi hufanya kinyume. Akae nawe aone kwa nini ngozi inasimamishwa kwa ubavu ili tabaka zote zionekane kwa mara moja, na kwa nini mrija unasimamishwa wima ili utoe duara. Ngozi iliyolazwa kifudifudi haiokolewi na mkataji yeyote. Akishaelewa hilo, akikata atajua anatafuta nini. Mkuu akiuliza itachukua siku ngapi, mtajie miezi.

Mabega sasa. Usikate saa nne mfululizo. Kata saa moja, hamia kwenye nta, rudi. Kiti kipande hadi kiwiko kiwe sawa na gurudumu, na mkono upate pa kuegemea. Mimi nilipuuza, na leo kidole gumba cha kulia hakifungui chupa. Nenda kwa daktari mapema, umwambie unazungusha gurudumu mara ngapi kwa siku, maana wengi hawaijui kazi yetu.

SWALI: Harufu ya fomalini siisikii tena, nimeshaizoea. Mwenzangu mjamzito analalamika macho. Ni yeye tu?

JIBU: Hapana, ni pua yako iliyochoka. Mwamini yeye. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka fomaldehidi katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Hewa ipimwe kwa kifaa, ndoo zifunikwe, kumwaga na kujaza kufanyike chini ya kivuta hewa kinachofanya kazi kweli. Mwenzako apangiwe kazi mbali na fomalini na zailini kuanzia sasa, hata kama mmebaki wachache.

SWALI: Mama, sitaji jina. Jana niliandika slaidi zote kabla ya kukata ili niokoe muda. Nahisi nimebadilisha biopsi mbili za tezi dume, za wagonjwa wawili. Ripoti bado. Mwenzangu ananiambia ninyamaze, daktari atagundua mwenyewe.

JIBU: Mwanangu, hatagundua. Biopsi za tezi dume ni nyuzi nyembamba zinazofanana, na daktari husoma kile kilicho chini ya hadubini na jina lililo pembeni ya kioo. Huyu ataambiwa ana saratani ilhali hana, na yule ataenda nyumbani nayo.

Nakwambia haya kwa sababu yamenipata. Nilikuwa na bloku mbili kwenye barafu, nikaitwa mlangoni, niliporudi nikanyanyua utepe majini kwa slaidi ya jirani. Haikujionyesha popote. Niliijua baadaye, nilipoishika slaidi juu ya bloku yake: bloku ilikuwa na vipande vitatu, kioo kilikuwa na viwili. Miguu iliniishia nguvu. Nilikwenda kwa mkuu wangu na vioo vyote mkononi, na sauti haikutoka. Hakunikemea. Alisema, "Tukate tena zote mbili," akasimama ubavuni mwangu mpaka nilipomaliza.

Tangu siku hiyo mbele yangu hukaa bloku moja na slaidi zake tu. Nasoma namba kwenye bloku, naiandika kwenye kioo wakati huohuo, nakata, nanyanyua. Uso wa maji naufuta kwa karatasi laini kabla ya bloku inayofuata, kwa kuwa kipande cha mgonjwa aliyepita kikibaki kinaelea kinaweza kupanda kwenye kioo cha mwingine. Slaidi ikikauka, naishika juu ya bloku nione umbo linalingana.

Leo, kabla zamu haijaisha, mwambie mkuu wako na daktari azuie ripoti zote mbili. Bloku zitolewe, zikatwe upya, zilinganishwe na slaidi za jana. Kama shaka itabaki, au kama unahofia kwamba zilichanganyika tangu kwenye kaseti, kipo kipimo cha vinasaba kinachoweza kuonyesha tishu ni ya nani. Andika taarifa ya tukio kwa mkono wako mwenyewe, utaje na hilo la kuandika slaidi kabla, maana bila shaka si wewe peke yako unayefanya hivyo hapo. Na huyo mwenzako aliyekwambia unyamaze, mwombe aje asimame ubavuni mwako wakati unakata.